Tawi lililolazwa huchipua mgongoni, kitunda huachia kikonyo: kwa nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina mpera na mwembe, yote ina miaka mitano hivi. Mpera niliukata kilele usizidi kurefuka, nikavuta matawi mawili kwa kamba mpaka yakalala. Sasa mgongoni mwa matawi hayo yameota machipukizi yamesimama wima kama mishale, na chini ya kilele nilichokata yamefumka mengine mengi. Mwembe sijaugusa, lakini kila asubuhi naokota vitunda vya ukubwa wa gololi. Jirani anayejua mambo ya bustani anasema ni homoni ya kileleni, eti inateremka kwa uzito wake kama maji, na tawi likilala inakwama. Je, ni kweli? Na vitunda navyo ni uzito? Nikifungua kamba, matawi yatabaki yalivyolala?

JIBU: Marahaba. Jirani yako amepatia nusu, na ile nusu aliyoikosa ndiyo yenye utamu, kwa hiyo naanza nayo.

Homoni anayoisema ipo. Inaitwa auksini. Hutengenezwa kwa wingi kwenye ncha zinazokua na kwenye majani machanga, kisha huteremka kuelekea shinani. Ikiteremka bila kukatika, macho ya pembeni, yaani vile vitumba vilivyojificha kwapani mwa kila jani, huendelea kulala. Mpaka hapo jirani yuko sawa. Alikoteleza ni kwenye uzito. Kata kijiti cha mti unaoshika kwa vipandikizi, kining'inize kichwa chini mahali penye unyevu mwingi, kisha usubiri. Mizizi itatoka kwenye ule upande uliokuwa chini kijiti kilipokuwa mtini, japo sasa uko juu, na machipukizi yatatoka upande wa pili. Mjerumani Hermann Vöchting alilionyesha jambo hili kwa vijiti vya mwerebi mwaka 1878, jina la auksini likiwa bado halijabuniwa. Ingekuwa ni uzito, kila kitu kingegeuka pale kijiti kilipogeuzwa.

Kinachoisafirisha ni pampu. Kila seli ya njia hiyo ina protini za kutolea auksini, na protini hizo zimejazana zaidi kwenye utando wa upande unaotazama shina. Seli inapokea kwa juu, inatoa kwa chini, inayofuata inapokea. Ni kama watu waliojipanga mstari wakipitishiana ndoo: ndoo inakwenda kule watu walikoelekea, hata kama mstari unapanda kilima. Mwendo wenyewe ni wa pole, karibu sentimita 1 kwa saa. Mti wa mita 10, kutoka kileleni hadi ardhini, ni saa 1,000, yaani zaidi ya siku 40. Uiweke hesabu hiyo kichwani, tutaihitaji sasa hivi.

Tuje kwenye kilele ulichokata. Miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata ncha za miche ya maharagwe wakaona macho ya pembeni yanaamka. Walipopaka auksini kwenye kisiki kilichobaki, macho yakaendelea kulala kana kwamba ncha haijaondoka. Kwa miaka mingi vitabu viliishia hapo: ncha inatoa auksini, auksini inayafunga macho, ukikata ncha umefungua mlango. Ni maelezo mazuri, ila yana kasoro, na kasoro yenyewe ni ile hesabu. Macho yaliyo mbali na kidonda huanza kuvimba saa chache tu baada ya kukata, wakati auksini iliyokuwa njiani bado haijapungua pale yalipo. Habari yameipata wapi?

Utafiti wa njegere uliochapishwa mwaka 2014 ulilipata jibu kwenye sukari. Ncha inayokua ni mlaji mkubwa kuliko wote kwenye tawi lake. Ukiiondoa, sukari inayosafiri ndani ya gome, ambayo huenda makumi ya sentimita kwa saa na wakati mwingine hupita mita 1, inajikuta haina mlaji, inamwagikia macho. Hiyo ndiyo kengele ya kwanza. Auksini inaingia baadaye, kuamua nani ataendelea na nani atarudi kulala.

Inaamua hivi. Kila jicho linaloamka nalo lazima lianze kutoa auksini yake na kuimwaga kwenye shina. Shina likiwa limejaa mkondo kutoka juu, jicho halipati pa kumwagia, kama gari linalotaka kuingia barabara kuu wakati magari hayakatiki. Linangoja, linachoka, linalala tena. Mkondo wa juu ukikatika, linaingia, na likishaingia linaanza nalo kuwazibia walio chini yake. Pembeni kuna homoni nyingine mbili zinazosukumana: saitokinini, itokayo mizizini na ndani ya shina lenyewe, huamsha macho, strigolaktoni, ambayo kazi yake ya kuzuia matawi ilijulikana mwaka 2008, huyalaza. Auksini inapopita huipunguza ya kwanza na kuiongeza ya pili.

Kwa hiyo chini ya kilele cha mpera wako macho mengi yaliamka kwa pamoja kwa sababu ya sukari, na sasa yako vitani. Ukiyaacha, mawili au matatu ya juu kabisa yatashinda, na utakuwa umebadilisha kilele kimoja kwa vilele vitatu vinavyobanana. Chagua mwenyewe washindi mapema, yaliyokaa mbalimbali kuzunguka shina, na mengine yapukuse kwa kidole gumba yangali laini. Ukingoja yakomae ukayakata kwa mkasi, utaacha visiki vyenye macho yake, na mchezo utaanza upya.

Sasa uvutano. Mti unajuaje chini ni wapi? Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu za maharagwe kwenye gurudumu lililozungushwa kwa kasi na maji ya kijito. Zilipoota, mizizi yote ilielekea nje ya gurudumu na vichipukizi vyote vikaelekea katikati. Alikuwa ametengeneza chini mpya, na mimea ikaifuata. Nalipenda sana jaribio hili kwa sababu halikuhitaji hata hadubini.

Hadubini ilikuja kuonyesha kilichomo ndani. Katika shina changa kuna tabaka la seli zenye vichembe vya wanga vilivyo vizito kuliko umajimaji unaovizunguka. Shina likisimama, vichembe vimekaa sakafuni mwa seli. Ukililaza, huteleza na kutua upande ambao sasa ndio wa chini, na huchukua dakika tu. Uzito aliousema jirani yako uko hapa, kwenye wanga, si kwenye auksini. Wanga ukitua, zile protini za kutolea auksini huhamishiwa upande wa chini, na mkondo uliokuwa ukienda moja kwa moja shinani unapindishwa kuelekea tumboni mwa tawi. Auksini hufanya kuta za seli ziwe na asidi zaidi, kuta zinalegea, seli zinajaa maji na kurefuka. Tumbo likirefuka kuliko mgongo, ncha inanyanyuka. Mzizini, ongezeko hilohilo la auksini huzuia seli kurefuka, ndiyo maana mzizi uliolazwa hupinda kuelekea chini wakati chipukizi linapinda kwenda juu.

Hayo yote ni ya sehemu changa. Tawi lililokwisha kuwa gumu haliwezi kurefusha seli zake, kwa hiyo linatumia njia nyingine, nayo ni kutengeneza mbao za aina ya pekee. Hapa miti imegawanyika kambi mbili. Misonobari na jamaa zake hutengeneza, upande wa chini wa tawi, mbao nzito nyekundunyekundu zenye lignini nyingi, yaani kile kinachozifanya mbao ziwe ngumu, ambazo zikikomaa hutanuka na kulisukuma tawi juu, kama mtu anayelibeba begani. Miti yenye majani mapana, ukiwemo mpera wako, mara nyingi hufanya kinyume: hutengeneza upande wa juu mbao zenye nyuzi za selulosi ambazo zikikomaa hujikaza na kulivuta tawi juu, kama kamba ya hema. Siku ukipata tawi nene lililokatwa la msonobari, litazame kwenye mkato: kiini hakiko katikati, kimesogea upande wa juu, na pete za chini ni pana zaidi. Mafundi seremala wanaijua mbao ya namna hii bila kujua jina lake, kwa sababu hupindapinda ikikauka.

Lakini kama kila tawi lingejinyanyua mpaka likasimama, mti ungekuwa ufagio. Kila tawi lina pembe yake linayoitafuta, na ukiliondoa kwenye pembe hiyo, juu au chini, hurudi. Pembe hiyo hushikiliwa kwa sehemu kubwa na kilele. Kata kilele cha msonobari mchanga, na tawi moja au mawili ya pembeni yaliyo jirani na kidonda yataanza kuinuka polepole, mpaka moja lichukue nafasi ya marehemu. Wakati mwingine kumbukumbu ya pembe haifutiki kabisa. Wakulima wa kahawa wanalijua hili vizuri: ukichukua kipandikizi kwenye tawi la ubavuni la mkahawa, mche utakaoupata utatambaa kwa ubavu maisha yake yote, kwa hiyo vipandikizi huchukuliwa kwenye machipukizi yaliyosimama. Hata miti inayoinamisha matawi yake mpaka chini haijashindwa na uzito. Mcheri wa aina hiyo, ukipewa jiberelini, homoni nyingine ya mimea, kwenye machipukizi yanayokua, huyasimamisha.

Turudi kwenye matawi yako mawili yaliyolala. Ulipoyalaza ulifanya mambo kadhaa kwa mpigo. Ncha haiko tena juu ya kila kitu, kwa hiyo imedhoofika. Urefukaji wake umepungua. Mkondo wa auksini umeelemea upande wa chini, kwa hiyo macho ya tumboni yamezidi kufungwa, na ya mgongoni yamepata nafasi. Isitoshe, tawi lililopindwa hutoa ethilini zaidi, gesi ambayo ni homoni pia, nayo hupunguza mbio za ncha. Yote yanaelekea kulekule: macho ya mgongoni yanaamka. Yakishaamka, kila chipukizi ni ncha mpya isiyo na bosi juu yake wa kuishikilia kwenye pembe, kwa hiyo linasimama wima. Philip Wareing na mwenzake Nasr walilichunguza jambo hili kwenye miti ya matunda mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakaonyesha pia kwamba miti iliyolazwa hurefuka kidogo na kubadili jinsi inavyotoa maua. Wakulima wa tofaa huvuta matawi kwa sababu hiyohiyo: kulipunguzia tawi mbio ili liwahi kuchanua.

Ukiangalia kwa makini, chipukizi refu kuliko yote hulikuti popote tu mgongoni. Liko pale tawi lilipopindia, kwenye nundu iliyo juu kuliko sehemu nyingine. Pima utaona. Jicho lililo kileleni mwa upinde ndilo lisilo na mtu juu yake.

Kwa mpera, mimi singeona hayo kuwa balaa. Mpera hutoa maua kwenye machipukizi mapya, na kuna wakulima wanaoinamisha matawi yake makusudi, wakayapukusa majani, ili yachipue mwili mzima na kuchanua. Bakisha machipukizi kila baada ya shubiri moja hivi, toa yale makubwa ya kwenye nundu, na uyatazame yaliyobaki kama yatatumba. Kama ungekuwa mtofaa ningekushauri usiulaze kabisa, uishie kwenye pembe iliyo katikati ya wima na ulalo au kupita hapo kidogo, ncha ikitazama juu. Tawi likishuka chini ya ulalo, ncha inakufa ganzi na mgongo unakuwa msitu.

Ukitaka kuamsha jicho moja tu mahali palipo wazi, huhitaji kulaza wala kukata tawi. Chukua kisu kikali, ukate gome kidogo tu juu ya jicho, umbo la mwezi mwandamo, mpaka uguse mbao. Umekatiza mkondo wa auksini unaotoka juu kwa ajili ya jicho hilo peke yake. Ukikata chini ya jicho badala ya juu yake, hujakatiza mkondo huo hata kidogo, na usishangae lisipoamka.

Sasa mwembe. Vitunda haviangushwi na uzito. Kitunda cha ukubwa wa gololi kina uzito gani? Embe lililoiva ni zito mara nyingi zaidi na linaning'inia kwenye kikonyo kilekile. Kuna ushahidi mwingine ambao bila shaka umeuona mara nyingi bila kuutilia maanani: tawi likivunjwa na upepo likakauka ghafla, majani yake yanakauka nayo, yanageuka kahawia, lakini hayapukutiki. Yananing'inia hapo majuma na majuma. Kwenye tawi zima la jirani, majani ya kijani yaliyozeeka yanadondoka bila hata upepo. Kupukutika ni kazi, na kazi hufanywa na aliye hai. Tawi lililokufa halina nguvu ya kuangusha jani lake. Uvutano hufika mwisho kabisa, kuokota kilichokwisha kuachiwa.

Anayeachia ni tabaka jembamba la seli chache kwenye tako la kikonyo. Tabaka hilo lipo tangu jani au tunda likiwa changa, limetulia. Linatulizwa na auksini inayopita juu yake kutoka kwenye jani au kutoka kwenye mbegu changa zilizomo ndani ya tunda. Mkondo ukiwa imara, tabaka ni kiziwi, halisikii ethilini hata ikiwepo. Mkondo ukififia, masikio yanafunguka. Ethilini ikiingia, seli hizo hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, ile gundi inayoshikanisha seli na seli, na vingine vinavyolegeza selulosi. Upande unaobaki mtini hujipaka kizibo kinachozuia maji kutoka na vijidudu kuingia. Kinachobaki kushikilia ni mishipa michache, na hiyo hukatika kwa pumzi ya upepo.

Unaweza kuliona hili mwenyewe, nami huwa nawapa wanafunzi zoezi hili kabla sijawafundisha neno lolote. Chukua wembe, chagua majani sita ya umri mmoja kwenye mti wako. Matatu yaache mazima. Matatu yakate ubapa wote, ubakishe kikonyo peke yake kimesimama kama msumari. Kila siku kiguse kikonyo kwa ncha ya penseli, kwa wepesi ule unaotumia kuamsha mtoto. Siku za mwanzo hakitikisiki. Kisha, baada ya siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili kutegemea mti na joto, utakigusa na kitaanguka chenyewe, na kovu lake litakuwa safi kama lililokatwa kwa kisu. Majani mazima bado yapo. Watafiti walifanya hivihivi miaka ya 1930, na walipopaka auksini kwenye mkato, kikonyo kisicho na jani kikaendelea kushika. Kikonyo hakikujua kama jani lipo. Kilijua kama mkondo upo.

Ethilini yenyewe ina historia ya kuchekesha. Katika karne ya 19 miji ya Ulaya iliwasha taa za barabarani kwa gesi ya makaa, na mabomba yalipovuja, miti iliyo karibu ikapukutika majani kabla ya wakati wake. Mwaka 1901 Dimitri Neljubow, akiwa St. Petersburg, aliona miche ya njegere inaota kwa kupinda ovyo ndani ya maabara yenye taa hizo, akaufuata mkosi huo mpaka akaikamata ethilini. Homoni ambayo jina lake lingekufanya udhani ndiyo mhusika mkuu, asidi absisiki, ilipewa jina hilo miaka ya 1960 baada ya kupatikana katika vitunda vichanga vya pamba vinavyodondoka. Baadaye ikaonekana kazi yake kubwa ni nyingine, kufunga vinyweleo vya majani wakati wa ukame na kulaza mbegu. Jina limebaki, mhusika ni ethilini.

Vitunda vyako basi. Kila kitunda kinapeleka auksini yake kwenye kikonyo cha pamoja, na mambo yanakuwa kama yale ya macho na shina. Kitunda kilichotangulia kufunga au chenye mbegu iliyo hai kinatoa mkondo mkubwa. Waliochelewa wanakosa njia, mkondo wao unafifia, tabaka la kuachia linapata masikio. Hakuna anayewafukuza, wamezibiwa tu. Mwembe huchanua maua mengi kupita kiasi, na kwa kawaida yanayofika kuwa embe lililokomaa hayafiki hata 1 katika kila 100. Kwa hiyo vitunda vya gololi unavyookota asubuhi vinaweza kuwa hesabu ya kawaida kabisa.

Namna ya kujua ni kuviokota na kuvitazama. Angalia mahali kilipoachia. Kovu la mviringo, laini, lililofungika, maana yake mti umekiachia wenyewe. Nyuzi zilizochanika, maana yake ni upepo au ndege au mtoto mwenye manati. Kisha kipasue. Mbegu iliyosinyaa na kuwa kahawia inaeleza kila kitu: mkondo ulikatikia hapo. Ukikuta funza au tundu, au madoa meusi kwenye ganda, kovu laini lisikudanganye, kwa maana kidonda nacho huongeza ethilini na mti huachia majeruhi kwa usafi uleule. Hapo tafuta dawa ya mdudu au ya ukungu, usiende kutafuta homoni.

Nalisema hili kwa sababu wapo wauzaji watakaokupendekezea kupulizia auksini za viwandani kuzuia vitunda visianguke. Dawa za jamii hiyo zina tabia ya ndumilakuwili. Ile inayotumika kwenye mashamba ya tofaa ikipulizwa vitunda vikiwa vichanga huvipunguza, vinadondoka. Ikipulizwa karibu na mavuno, huvishikilia. Dawa ileile, tofauti ni miezi michache. Na nyingine ya ukoo huohuo, 2,4-D, ni kiua magugu kinachojulikana dunia nzima. Kwa mti mmoja nyuma ya nyumba, mimi nisingeigusa.

Kitu unachoweza kukirekebisha ni maji. Mizizi ikizama kwenye maji yaliyotuama hukosa oksijeni, nayo hutengeneza malighafi ya ethilini, ambayo hupanda na maji hadi juu na kugeuzwa gesi huko kwenye majani. Ukame nao una hila yake: mizizi iliyokauka hulimbikiza malighafi hiyohiyo, na siku ukimwagilia kwa wingi, inapandishwa yote kwa pamoja. Kwenye michungwa imeonekana wazi kwamba majani hayapukutiki sana wakati wa kiu bali baada ya kunyweshwa. Mwenye mti anasema, nimeumwagilia ndio umeharibika. Basi mwembe wako, tangu unapochanua, upate maji kwa kiasi kilekile, udongo usikauke ukapasuka kisha ukafurikishwa.

Swali lako la mwisho ni la kamba. Ukifungua leo, tawi litarudi, ila si lote. Sehemu ya kwanza ya kurudi ni ya papo hapo, ni mnyumbuko tu kama wa upinde. Ya pili huja polepole, miezi, kadiri zile mbao za mgongoni zinavyojikaza na kulivuta. Kinacholishikilia chini ni mbao mpya zilizoota tawi likiwa limefungwa, kwa hiyo tawi jembamba linalonenepa haraka hutulia ndani ya msimu mmoja wa kukua, na lililo nene kama mkono linaweza kukusumbua misimu miwili au zaidi. Jaribu jioni moja: chomeka kijiti ardhini usawa wa ncha, legeza kamba, uangalie kesho yake asubuhi ncha imepanda kiasi gani. Ikipanda kwa upana wa viganja viwili au zaidi, ifunge tena. Sehemu ya mwisho ya ncha, upana wa vidole vichache, itapinda kwenda juu hata ufanye nini, hiyo iache.

Na kamba yenyewe ifungwe kwa utepe mpana au kitambaa. Sukari inashukia ndani ya gome, milimita chache tu kutoka juu. Kamba nyembamba ikizama humo, tawi litavimba upande wa ncha na mizizi itakosa sehemu yake. Ikague kila mwezi, na kila ukikuta imeanza kuacha alama, isogeze upana wa vidole viwili mbele.